Nilitafuta mizinga, nikaletewa vita: miezi minne na katalogi ya maktaba mtandaoni

Mimi ni fundi seremala. Naanza na hilo ili ujue mapema kwamba anayeandika hapa si mkutubi wala mtu wa kompyuta. Ni mtu wa randa na msumeno, ambaye hadi miezi minne iliyopita aliamini kwamba kisanduku cha kutafutia ni kisanduku cha kutafutia, kiwe cha maktaba au cha Google. Tangu hapo nimekitumia hiki cha maktaba karibu kila jioni. Nakipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ungeniuliza wiki ya kwanza ningekipa nusu nyota, tena kwa kusitasita.

Chanzo ni mteja. Aliniagiza mizinga kumi ya nyuki, na hakutaka magogo ya kutundika. Alitaka ya masanduku yenye fremu za kuchomoa, ile inayoitwa ya Langstroth. Mzinga wa namna hiyo hauvumilii kubahatisha. Langstroth, mchungaji wa Kimarekani aliyeupatia hataza mwaka 1852, aliujenga juu ya jambo moja: ukiacha upenyo wa milimita 6 hadi 9 hivi kati ya fremu na ukuta wa sanduku, nyuki wanaupita tu na kuuacha wazi. Ukizidisha, wanaujaza masega. Ukipunguza, wanauziba kwa gundi yao, na siku ya kurina fremu haitoki mpaka uivunje. Nilitaka michoro yenye vipimo, si habari za kusikia kwa fulani aliyesikia kwa fulani. Nikafungua katalogi ya maktaba ninayoazima vitabu.

Nikacharaza kama ambavyo ningemwuliza mtu dirishani: kitabu cha kutengeneza mizinga ya nyuki ya kisasa chenye vipimo. Jibu: hakuna matokeo. Nikadhani mtandao umekatika. Nikarudia, ikawa vilevile.

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kilichotokea, na nikieleze hapa maana ndicho kinachowakimbiza wengi. Niliandika maneno kumi. Katalogi hii inataka maneno yote kumi yakutane ndani ya rekodi moja, pamoja na "cha" na "chenye". Na rekodi si kitabu. Rekodi ni ile kadi ya zamani ya kwenye saraka, imehamia tu kwenye skrini: kichwa, mwandishi, mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa, somo, labda na maelezo mafupi. Kurasa za ndani katalogi haizisomi kabisa. Kitabu kinaweza kuwa na sura nzima ya vipimo vya mizinga, na neno "vipimo" lisiwepo popote kwenye rekodi yake. Kwa hiyo kila neno unaloongeza ni chekecheke jingine juu ya chekecheke, na mimi nilizipanga kumi.

Basi nikapunguza. Nikaandika neno moja tu: mizinga. Hapo matokeo yalikuja mengi, na karibu yote yalikuwa ya vita. Mizinga ya manowari, historia ya mizinga, kikosi cha mizinga. Kijana wangu wa karakana alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe mkononi. "Fundi," akasema, "hao nyuki wako wana jeshi?"

Lakini ndivyo ilivyo. Kwa Kiswahili mzinga wa kurushia makombora na mzinga wa asali vinaandikwa sawasawa, na mashine haijui ulikuwa unafikiria upi. Inalinganisha herufi, basi. Nilipoandika mizinga nyuki, maneno mawili peke yake, majeshi yote yakaondoka na vikabaki vitabu vitatu. Vitatu vya kweli. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba shida ni mimi pia.

Nikisifu sasa kile kinachostahili kusifiwa: ukiweka maneno mawili au matatu yenye uzito, hiki kisanduku kina kasi na hakina ujanja. Hakikuletei matangazo, hakikumbuki ulichotafuta jana ili kikuchagulie leo. Ulichoandika ndicho kinachotafutwa. Wenye haraka watauita huo upungufu. Mimi nimeuzoea, kama nilivyozoea futi kamba isiyonyumbuka.

Ila kwa Kiswahili kina kasoro ambayo sijaona mtu akiilalamikia, nami nitailalamikia kwa urefu.

Ukurasa wa msaada unasema ukitaka kupata neno na jamaa zake wote, andika mzizi kisha weka kinyota mwishoni. Kwa Kiingereza ni raha tupu. Unaandika bee* unapata nyuki mmoja, nyuki wengi, mfugaji wao na ufugaji wao. (Unapata pia nyama ya ng'ombe, bia, mende na Beethoven, maana wote wanaanza na herufi hizohizo. Nilicheka peke yangu.) Sasa jaribu Kiswahili. Maneno yetu mengi yanabadilika mbele, si nyuma tu. Ufugaji, mfugaji, wafugaji, kufuga. Kinyota cha mwishoni kitakusaidia nini hapo? Niliandika fug* nikaletewa vitabu vya Kiingereza kuhusu watoro na vingine vya mtindo fulani wa muziki wa kinanda. Nikasema basi nigeuze, nikaandika *fugaji. Ikakataa: alama hii haiwezi kuanza neno.

Mkutubi mmoja, ambaye nitamrudia, alinieleza sababu. Maneno ya katalogi yamepangwa kama kamusi, kwa herufi ya kwanza. Kuyapata yanayoanza na fug ni kufungua ukurasa mmoja. Kuyapata yanayoishia na fugaji ni kuisoma kamusi nzima toka A hadi Z. Kuna mifumo inayokubali kuibeba kazi hiyo; huu wetu haukubali. Nimeelewa, lakini sijaridhika. Lugha inayotumiwa na mamilioni ya watu inabeba nusu ya sarufi yake mwanzoni mwa neno, na kifaa kimetengenezwa kana kwamba sarufi zote hukaa mkiani.

Dawa niliyoipata ni ya mikono. Unayaorodhesha mwenyewe ndani ya mabano, namna hii:

(ufugaji OR mfugaji OR wafugaji OR kufuga) AND nyuki

Inachosha, ila inafanya kazi, na ukishaiandika mara moja unaihifadhi mahali ili uibandike tena. Mzinga na mizinga vilevile: (mzinga OR mizinga) AND nyuki. Nashukuru nyuki ni nyuki, awe mmoja au kundi zima, na asali haina umoja wala wingi. Anayetafuta habari za meno atakumbuka na jino, na hapo namwonea huruma.

Kitu kingine cha lughani mwetu: alama za usemi. Ukiyafunga maneno ndani yake, katalogi inayatafuta yakiwa yameshikana kwa mpangilio uleule. Nikaandika "ufugaji wa nyuki" nikapata rekodi kumi na moja. Halafu, kwa kuchokoza tu, nikaondoa ile "wa": "ufugaji nyuki". Sita. Kati ya hizo sita, tano sikuwa nimeziona kabla. Watu huandika kwa namna zote mbili na zote ni Kiswahili, lakini kwa mashine ni vitu viwili visivyojuana. Tangu siku hiyo situmii alama za usemi ila kwa jina la mtu au kichwa cha kitabu ninachokijua neno kwa neno.

Kuhusu hizo AND, OR na NOT sitakaa sana. Ni mantiki ya George Boole, mwanahisabati Mwingereza aliyeichapisha kwa kirefu mwaka 1854, miaka miwili tu baada ya hataza ya Langstroth, na kwenye katalogi yangu lazima ziandikwe kwa herufi kubwa, la sivyo zinachukuliwa kuwa maneno ya kawaida. Kilichonichanganya ni hiki. Nikimtuma kijana dukani akalete misumari na gundi, mzigo unaongezeka. "Na" yetu inajumlisha. Kwenye katalogi AND inapunguza: inataka rekodi zenye vyote viwili pamoja. Inayoongeza ni OR. Nimeona watu wazima na akili zao wakiandika nyuki AND asali AND nta AND masega wakitumaini kupata kila kitu kinachohusu nyuki, halafu wanashangaa wamebaki na kitabu kimoja chembamba.

NOT ndiyo niliyoiogopa baada ya kuitumia mara moja. Nilitaka kuwafukuza wanajeshi wangu wa mwanzo, nikaandika mizinga NOT vita. Wakaondoka. Pamoja nao kikaondoka kitabu kizuri cha nyuki kwa sababu maelezo yake yalisema kina sura ya "vita dhidi ya wadudu waharibifu". Nilikiona baadaye kwa bahati. NOT haikuonyeshi ilichotupa.

Sasa mkutubi. Katalogi ina kidirisha cha kuwaandikia wakutubi moja kwa moja, na hiki pekee kinastahili nyota nzima. Nilikuwa nimekwama kwenye vitabu vya Kiingereza. Kule tatizo lilikuwa tahajia: wapo wanaoandika beekeeping neno moja, wapo wanaoyatenganisha, wapo wanaoweka kistari katikati, na wapo wanaotumia neno la kitaalamu kabisa, apiculture. Nilikuwa nawinda huku na huku. Nikamweleza.

"Fundi," akaandika, "kuna hata kitabu kimoja ulichokipata ukakipenda?"

"Kipo kimoja, mama. Lakini michoro yake ni michache."

"Kifungue. Usisome orodha, fungua rekodi yenyewe. Shuka chini mpaka ukute neno Somo. Pameandikwa nini?"

Palikuwa pameandikwa Bee culture, kwa rangi ya buluu. Sikuwahi kufikiria maneno hayo mawili pamoja hata siku moja. "Bofya hapo," akasema.

Nikabofya, vikashuka vitabu zaidi ya arobaini. Vingine vichwa vyao havikuwa na nyuki wala mzinga wala asali, ni vichwa vya kishairi vya watu waliopenda kazi yao. Kwa neno la kutafutia nisingevipata hata ningekesha. Vilikuwemo vya Kifaransa. Vilikuwemo viwili vya Kiswahili ambavyo siku zote nilikuwa navikosa kwa sababu mmoja wa waandishi alitumia neno "urinaji" na mwingine "uzalishaji wa asali".

Alichonieleza ni kwamba neno ninalolifikiria mimi ni langu, neno la kichwani mwa kitabu ni la mwandishi, na neno la kwenye Somo ni la mkutubi. Hilo la tatu halibuniwi papo kwa papo. Linachaguliwa kutoka kwenye orodha iliyokubaliwa, na maktaba nyingi duniani hufuata ile ya Maktaba ya Bunge la Marekani iliyoanzishwa mwaka 1898. Vitabu vyote vya jambo moja hupewa neno lilelile, bila kujali mwandishi alisemaje au aliandika kwa lugha gani. Ni kama sisi mafundi kukubaliana kwamba ubao huu unaitwa mbili kwa nne, hata kama kila mtu kwao anauita vingine.

Tatizo ni kwamba neno lililokubaliwa si lazima liwe neno la watu. Kule mahindi hayaitwi maize, yanaitwa corn, kwa sababu ndivyo Wamarekani wanavyosema. Vitabu vya upishi vilikaa chini ya Cookery hadi mwaka 2010 ndipo vikahamia Cooking. Huwezi kulikisia. Ndiyo maana njia ya mkutubi ni nzuri: anza na neno lolote, pata kitabu kimoja tu kinachofaa, kisha muulize hicho kitabu wenzake wako wapi. Hata kitabu usichokipenda kinatosha kwa kazi hiyo. Ukishajua neno lake la somo, lirudishe kisandukuni pamoja na neno lako: nilichanganya somo hilo na neno Langstroth, na zile arobaini zikawa saba. (Mwanzoni niliandika Langstrot, bila h. Sifuri. Hakikuniuliza kama nilimaanisha kingine, hakikupendekeza chochote. Nyota nusu imekatwa hapo.)

Kuna kichupo kwenye rekodi ambacho nadhani hawakukikusudia kwa watu kama mimi. Ukikibofya unaiona rekodi bila nguo, kwa namba: 100 mwandishi, 245 kichwa, 650 somo. Ni mpango uliosimamiwa na Henriette Avram kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani miaka ya 1960, ili kompyuta moja isome kadi ya maktaba nyingine. Nilipenda zile namba. Iliyonifaa zaidi ni 505, maana huko ndiko huwekwa orodha ya sura za kitabu. Rekodi zenye 505 unaweza kuzinasa kwa neno lililo kwenye jina la sura. Zisizo nayo, hutazinasa. Na inategemea tu kama siku ile aliyekuwa anaingiza rekodi alipata nafasi ya kuziandika. Kwa hiyo ukipata sifuri usihitimishe kwamba kitabu hakipo.

Manung'uniko mengine nayasema haraka. Kwenye simu, utafutaji wa kina umefichwa chini ya kiungo kidogo kama chawa. Ukikaa dakika kadhaa bila kugusa kitu unatolewa nje, na kikapu chako cha vitabu ulivyochagua kinamwagika. Nimekipoteza mara mbili, mara ya pili nilipokuwa na vitabu kumi na tisa. Mpangilio wa matokeo nao siujui unafuata nini. Unasema "kwa uhusiano", lakini mara nyingi cha kwanza hakina uhusiano nami. Napanga kwa mwaka, vipya juu, naendelea. Chujio la lugha ni zuri, ila litumie mwishoni, si mwanzoni, maana rekodi nyingine lugha yake haijaandikwa au imeandikwa kimakosa, na ukichuja mapema hutajua ulichoacha.

Kilichobaki ni namba ya rafu, na hapa nilipata bahati yangu. Maktaba hii hupanga kwa mfumo wa Dewey, unaokipa kila kitabu namba kulingana na mada yake, na ambao umekuwepo tangu mwaka 1876. Vitabu vyangu vyote vizuri vilikuwa na namba inayoanza na 638.1. Nikatafuta kwa namba hiyo badala ya neno. Namba haina lugha, haina umoja na wingi, haina "wa" wala "ya". Ikaniletea rafu nzima kama vile nimesimama mbele yake, na katikati yake kikawepo kijitabu cha Kiswahili cha kurasa 48, chenye michoro, ambacho maneno yangu yote ya miezi mitatu hayakuwahi kukigusa.

Nikafungua rekodi kuona kwa nini. Kichwa kilikuwa kimeandikwa "Utengenezaji wa mizinga ya nyunki". Nyunki. Herufi moja iliyozidi, na pale kwenye Somo hapakuwa na kitu. Kijitabu kilikuwa kwenye rafu, hakijaazimwa, hakionekani.

Nilikiazima. Upenyo, unene wa mbao, urefu wa fremu, vyote vimo kwa milimita. Mizinga kumi imeshaondoka karakanani. Kuhusu rekodi, chini ya kila ukurasa kuna kiungo cha kuripoti kosa. Nikaandika sentensi mbili bila matumaini makubwa. Baada ya siku sita nikapata jibu la mstari mmoja: "Asante Fundi, imerekebishwa, na somo limewekwa." Jana usiku nimeandika mizinga nyuki, yale maneno yangu mawili ya mwanzo. Matokeo ni manne sasa, na hicho ni cha pili kutoka juu.